Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: mvua za Sikonge, vyoo vya Kibirizi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni muuzaji katika duka la dawa muhimu hapa Kibirizi, jirani kabisa na mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Sikuandikii kuomba hospitali mpya wala gari la wagonjwa. Hayo yana wasemaji wake, tena wanayasema vizuri kuliko mimi. Ombi langu ni kwamba utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, pamoja na vipimo vya kina cha ziwa vya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, vianze kusomwa ofisini kwako kama taarifa za afya. Visomwe mapema, na wasomaji wawe watu wenye fungu la fedha na amri mkononi.

Utajiuliza muuza dawa anatafuta nini kwenye mambo ya mvua. Ni kwamba ugonjwa hupita kwetu kabla haujafika zahanati. Mama ambaye mwanawe anaharisha hapangi foleni siku ya kwanza. Anakuja dukani, anachukua ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na zinki, anasema tuone mpaka kesho. Mvuvi akitetemeka anataka mseto, dawa ya malaria, na ukimwambia akapime kwanza anaona unamchelewesha kuingia ziwani. Kwa hiyo wiki ambayo ORS imeisha ghafla dukani, sisi tunajua kuna kitu mtaani, na zahanati itakuja kujua siku mbili tatu baadaye. Zamani wiki hizo zilijulikana: mvua ikishika, Desemba na Januari, unaongeza oda. Siku hizi kuna miaka ORS inaisha Mei, anga limekauka na watu wanaanika dagaa.

Hiyo Mei ndiyo iliyonisumbua mpaka nikaanza kuuliza watu wa maji. Walichonieleza hakina siri yoyote, ila sijawahi kukisikia kikisemwa kwenye mkutano wa afya.

Ziwa letu hujaa kwa kuchelewa. Mvua zinaanza Novemba na kukatika mwishoni mwa Aprili au Mei, lakini maji hufika juu kabisa karibu na Mei, kisha hushuka polepole mpaka Oktoba na Novemba. Sababu mojawapo ni Malagarasi. Hakuna mto unaomwaga ziwani wenye bonde kubwa kama lake. Unakusanya maji ya Kibondo na Kasulu, na Mto Ugalla unauletea ya Tabora: Sikonge, Urambo, Kaliua. Maji hayo hayaji mbio. Yanatuama kwanza kwenye mabwawa na manyasi ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ndipo yanateremka huku. Mvua ya Sikonge ya mwezi Machi inaweza kutufikia ufukweni wakati sisi tumeshafunga miavuli. Maana yake, Mheshimiwa, utabiri wa mvua za Tabora unatuhusu sisi wa Kigoma, na siku mvua inapokatika si siku ya kuvunja kikao cha tahadhari.

Sasa juu ya tabia hiyo ya kawaida umeongezeka mzigo mwingine. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, na Afrika Mashariki ikamiminiwa mvua. Mwishoni mwa 2023 ikaja El Nino. Katika miaka hiyo ziwa likapanda na kubaki juu. Maji yaliingia Kibirizi, yakaingia Katonga na Ujiji, yakala nyumba na vibanda. Ng'ambo, Uvira ya Kongo na Bujumbura ya Burundi zilipata kipigo kilekile. Wazee hawashangai. Watakwambia ziwa huenda na kurudi, na wana haki, maana lilipanda pia baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, na katika karne ya 19 lilikuwa juu zaidi ya leo mpaka Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulipojifungulia njia mnamo 1878. Kwa hiyo sidai kwamba kila tone ni la mabadiliko ya tabianchi. Ninachojua ni kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na kinachopanda lazima kishuke. Na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko mwaka wowote uliopimwa duniani, zaidi ya nyuzi 1.5 juu ya hali ilivyokuwa kabla ya viwanda. Wazee waliona ziwa likipanda wakati ufukwe huu una nyumba chache na vichaka vingi. Safari hii limepanda juu ya vyoo vyetu.

Hapo kwenye vyoo naomba unisikilize bila haraka, hata kama si mazungumzo ya mezani.

Choo cha shimo kikichimbwa kwenye mchanga wa ufukweni, shimo linakuta maji mapema. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi nayo yanapanda, hata kama juu ya ardhi pakavu. Shimo linajaa kutokea chini. Mwenye nyumba anaona choo kimejaa kabla ya wakati, anadhani ni wapangaji wengi, anachimba kingine hatua chache pembeni. Kumbe kilichokuwa ndani kimeshapata njia ya kwenda ziwani, na ziwani ndiko watoto wanakooga, vyombo vinakooshewa na ndoo zinakochotwa bomba likikauka. Hakuna mafuriko ya kupigwa picha hapo, hakuna mtu aliyebebwa na maji. Ni Mei, jua linawaka.

Na ziwa lenyewe ni makazi mazuri ya kipindupindu. Bakteria wake hawaishi tumboni mwa mtu peke yake. Hukaa majini, wakijishika kwenye viumbe vidogo vinavyoelea, na hupenda maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo. Maji ya Tanganyika ni ya magadi kidogo, na juu yake joto hucheza kati ya nyuzi 24 na 28. Miji ya Uvira na Kalemie, huko Kongo, imekuwa ikisumbuliwa na kipindupindu miaka nenda rudi, na kati yetu na wao hakuna ukuta, kuna boti. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, ila wanaacha vijidudu kila wanapokwenda haja. Huwezi kumsimamisha mtu huyo pale gatini ukamtambua kwa macho.

Kagunga ya Mei 2015 wengi tunaikumbuka. Makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walikimbilia kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, njia ya kutoka ni ziwa, na MV Liemba ikawa inawaleta mjini kwa zamu. Kufikia wiki ya tatu ya mwezi huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa wapatao 3,000 na vifo zaidi ya 30. Vita na siasa ndivyo vilivyowaleta, si hali ya hewa, na sitaki kuchanganya mambo. Lakini Kagunga ilituonyesha kasi. Mtu anaweza kuanza kuharisha asubuhi na jioni akawa hayupo, ilhali akipewa maji ya ORS mapema, au dripu akiwa amezidiwa, karibu wote hupona. Tofauti kati ya hao wawili ni masaa, na masaa hayo hutafutwa kabla, kwenye maandalizi, kwa sababu ugonjwa ukishaingia hakuna wa kukuongezea.

Kuna sheria ya kutusaidia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nzuri. Ila ukingo umehama. Mita 60 zilizopimwa wakati ziwa liko chini, leo kuna mahali zimeingia majini, na choo kilichokuwa halali kimekuwa kwenye eneo la marufuku bila mwenyewe kusogeza tofali. Ukimtuma mtu akapime Novemba, maji yako chini, atakuletea mstari wa matumaini. Apime Mei.

Nakuja kwenye pendekezo langu la kwanza, na hili halina gharama ya kutisha. Tangu 2024 uvuvi ziwani hufungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapumzike. Uliza wavuvi wakuambie wanavyoupenda mfungo huo. Barua hii haitoshi. Lakini tazama tarehe. Mei ziwa liko juu kabisa, kwa hiyo yeyote anaweza kuona kwa macho maji yamefika wapi. Juni na Julai ni kavu. Vijana wa mwaloni hawana kazi. Basi piga alama ya maji mwezi Mei kila mwalo, Kibirizi, Katonga, Kagunga, Kalya na kwingineko, kisha vyoo vilivyo chini ya alama vinyonywe na kufukiwa, na vipya vijengwe juu ya alama, vya kuinuliwa, shimo likiwa tangi la tofali lililosakafiwa badala ya tundu la mchangani. Kazi hiyo wapewe hao hao vijana walio kwenye mfungo, walipwe. Vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi vipo kila mwalo na vinajua nani ana choo na nani anajisaidia nyuma ya mitumbwi.

Mtu akisema hela hakuna, mwulize kambi moja ya kipindupindu inakula kiasi gani kwa wiki.

Nitoke sasa ufukweni nipande milimani, maana mkoa huu haukai ziwani pekee. Malaria tumeizoea hata tunaiona kama ndugu mkorofi. Utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta Kigoma inaongoza nchini: watoto 24 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa 7. Utafiti wa 2022 ulikuta jirani zetu Tabora wakiongoza kwa 23. Mzigo huo ni wa mabondeni zaidi. Wakazi wa miinuko ya Buhigwe na Heru Juu, ambako sehemu zake hupita mita 1,500, walikuwa na kinga ambayo hawakuilipia, nayo ni baridi.

Mbu akinyonya damu yenye vimelea haambukizi kesho yake. Kimelea lazima kikomae ndani ya mbu, na kukomaa kunategemea joto la hewa. Kwenye nyuzi 20 huchukua karibu wiki nne; kwenye nyuzi 22, chini ya wiki tatu; kwenye nyuzi 25, siku 12 hivi. Mbu wengi hawafikishi mwezi. Kwa hiyo kwenye nyuzi 20 mbu hufa na kimelea chake kikiwa bado kichanga, na kijiji kinalala salama hata kama mbu wapo. Ongeza nyuzi mbili tu, ambazo wewe na mimi hatungeziona hata kwa kuvua sweta, na mbu yule yule anaishi muda wa kutosha kuambukiza. Ndiyo maana mtu wa mlimani akisema "siku hizi huku nako kuna malaria" hatakiwi kuambiwa ameitoa mjini. Huenda ameitoa mjini kweli. Huenda pia imezaliwa hapo hapo, kwenye mashimo ya matofali nyuma ya shule.

Tena huko mlimani inauma zaidi. Mtu mzima wa Ujiji ameumwa malaria tangu utotoni, mwili wake umeijua. Wa mlimani hajaizoea, na ikimpata inampata kama mtoto. Zahanati za huko zinahitaji vipimo, mseto na sindano za malaria kali zikiwa zimeshafika rafuni kabla ya mvua, na oda za Bohari ya Dawa zinazofuata matumizi ya mwaka jana haziwezi kutosha mwaka ambao joto limepanda.

Hapo pia utabiri unasaidia, ila usomwe vizuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa haiupi mkoa wetu utabiri mmoja. Kakonko na Kibondo huwekwa pamoja na maeneo ya mvua za vuli na masika, na sehemu nyingine ya mkoa huwekwa kwenye mvua za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mkoa una kalenda mbili za mvua na kalenda moja ya dawa. Kakonko inaweza kuwa imeshalowana wakati Uvinza bado wanafyeka mashamba.

Niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana mpiga ramli. Joto halizidishi kila ugonjwa. Mbu wa malaria likizidi sana naye hawezi, na mvua kubwa mno husomba viluwiluwi. Kwenye Bonde la Zambezi, Zimbabwe, watafiti waliohesabu ndorobo, wale inzi wa malale, kwa miaka mingi waliona wakipungua jinsi joto lilivyopanda. Warina asali wetu wa Uvinza na Kibondo, ambao malale kwao si hadithi, wangepokea habari hiyo kwa kicheko. Ila ndorobo akikimbia joto la chini anaweza kutafuta mahali pa baridi zaidi, na huko kuna watu. Homa ya dengi nayo ilisumbua Dar es Salaam mwaka 2019, na mbu wake anataka tairi bovu na ndoo ya maji, vitu ambavyo Kigoma havijawahi kuadimika. Sitaenda mbali zaidi kwa hilo.

Linalonikera ni jambo ambalo wataalamu wa afya huliachia wa uvuvi, na wa uvuvi huliachia wa afya. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, na rutuba yake nyingi imelala chini, kwenye maji yasiyo na hewa. Upepo wa kusini wa kiangazi ndio huyasukuma maji ya juu, yale ya chini yakapata nafasi ya kupanda na kulisha viumbe vidogo vinavyoelea ambavyo dagaa hula. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi zaidi, yanagoma kuchanganyika na ya chini. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha hilo limeshatokea: ziwa limepata joto, kuchanganyika kumepungua, chakula cha samaki kimepungua. Kuvua kupita kiasi ni tatizo kweli, lakini hata tungevua kwa adabu, ziwa lenyewe linatoa kidogo.

Dagaa wakipungua, mtu hutafuta wavu wenye matundu madogo zaidi. Na chandarua kinapatikana bure. Pande zote za ziwa hili vyandarua vya mbu vimeonekana vikikokota samaki wachanga, na vingine vimetandazwa mchangani kuanikia dagaa. Tunawagombeza watu kwamba hawathamini afya. Mtu anayevulia chandarua hapuuzi malaria. Amelinganisha njaa ya leo na homa ya mwezi ujao. Watoto wake nao wanalala bila chandarua na bila dagaa, na mtoto mwenye lishe mbovu akipata kuharisha au malaria haponi upesi. Ukitaka kuona joto la dunia likiingia nyumbani kwa mtu, usitazame tu mbu na bakteria. Tazama na sufuria.

Pendekezo la pili basi ni kikao. Utabiri wa msimu ukitoka, kawaida Oktoba, uite mezani Mganga Mkuu wa Mkoa, mamlaka ya maji, bodi ya bonde, watu wa hali ya hewa, wa uvuvi, wa bandari na wakurugenzi wa halmashauri. Wasisomewe hotuba. Kila mmoja aondoke na kazi yenye jina la kata: dawa ya kutibu maji iwekwe wapi, ORS ziende wapi kabla barabara hazijakatika, vyandarua vitangulie wapi. Kikao kirudiwe Machi, kitazame mvua za Tabora na kina cha ziwa, kwa ajili ya ile Mei. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao serikali ilizindua mpango wao Januari 2024 wapewe taarifa hiyo kwa lugha ya mtaani, siyo jedwali.

Pendekezo la tatu linatuhusu sisi wenye maduka. Kila duka la dawa muhimu liandike kwa wiki ORS ngapi, zinki ngapi na mseto kiasi gani vimetoka, na afisa afya wa kata apite kuchukua au atumiwe kwa simu. Hakuna jina la mgonjwa linalotakiwa. Mwenye duka ataogopa kwamba taarifa hizo zitamletea mkaguzi wa leseni au mtu wa kodi. Hofu hiyo ipo na ofisi yako iiondoe kwa maandishi, la sivyo utapata namba za kupendezesha.

Na la mwisho ni la ng'ambo. Nchi nne zina Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura, iliyoundwa kwa mkataba wa 2003. Inazungumzia samaki na mazingira. Kipindupindu kikiibuka Kalemie au Uvira, mfanyabiashara wa Kibirizi anajua jioni ile ile kwa simu ya mteja wake, kabla ya barua yoyote kuvuka. Sina uwezo wa kumwandikia mtu wa Bujumbura akanijibu, wewe unao. Omba taarifa ya mlipuko upande wowote wa ziwa iwafikie waganga wakuu wa mikoa na majimbo ya ufukweni siku hiyo hiyo.

Najua ofisi yako hupokea barua nyingi zenye maombi makubwa kuliko haya. Kwa hiyo kama ni lazima kuchagua, anza na alama ya maji ya Mei. Chokaa, brashi, afisa afya na mtu wa bodi ya bonde, siku moja kwa kila mwalo. Ukija Kibirizi kwa kazi hiyo nitakuonyesha vyoo vya kuanzia, na daftari langu la mauzo unaweza kulifungua ukurasa wowote.

Wako mtiifu,

Muuza dawa,
Kibirizi, Kigoma